Kusahau kwa Mwanafunzi Ni Kazi Yetu: Shajara ya Mradi

Aprili 6

Leo tumeanza rasmi. Mradi wenyewe ni huu: kuchota maarifa ya saikolojia na ya watu wa matangazo ya biashara, tuyatumie kuwarudisha kwenye somo watu wazima wanaojifunza Kiswahili kwa simu. Wanafunzi wetu wametawanyika nchi mbalimbali. Hawana mtihani mbele yao, hawafukuzii cheti, wala hakuna anayewasimamia. Walijiandikisha kwa hiari, na kwa hiari hiyohiyo huondoka. Wiki za mwanzo kundi huchangamka: salamu zinaruka huku na huku, watu wanatuma sauti zao, wanasahihishana. Zikifika ngeli, sauti zinapungua. Ikija ngeli ya U, wengine hatuwasikii tena.

Tuko wanne: mimi ninayeandika masomo, mwalimu mwenzangu, mchoraji, na fundi wa programu. Mwalimu mwenzangu aliwahi kufanya kazi kwenye wakala wa matangazo kabla ya kushika chaki, na neno alilolisema leo ndilo tunaliweka juu ya mradi mzima. Alisema mtu wa matangazo hamlaumu msikilizaji kwa kusahau. Tangazo likisahaulika, mwenye kosa ni aliyelitunga: hakulirudia kwa wakati wake, hakulipa sura ya kukumbukwa, hakugusa jambo linalomhusu msikilizaji. Sisi walimu mwanafunzi akisahau tunasema hakusoma, na akiacha tunasema hakuwa na nia. Basi kwa miezi hii tutafanya kazi kana kwamba kila anayesahau na kila anayeacha anatuletea taarifa kuhusu somo letu, siyo kuhusu tabia yake.

Kazi zilizopangwa: ratiba ya marudio, somo la kwanza, jumbe za kukumbusha, namna ya kumwonyesha mtu hatua alizopiga, na kile kilima cha ngeli.

Aprili 13

Kabla ya kuchukua chochote tumechambua. Saikolojia na matangazo ni ndugu wa siku nyingi. Walter Dill Scott, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa akiandika kuhusu saikolojia ya matangazo tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. John B. Watson, mwasisi wa nadharia ya utabia (inayochunguza matendo ya mtu yanayoonekana, siyo yanayopita akilini), alipotoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1920 alikwenda kufanya kazi J. Walter Thompson, wakala mkubwa wa matangazo. Katika undugu huo kuna mengi ya kuokota na mengi ya kuacha.

La kwanza la kuacha ni ndoto ya kumfundisha mtu bila yeye kujua. Mwaka 1957 James Vicary alitangaza kwamba katika jumba moja la sinema huko New Jersey alimulika maneno kwenye skrini kwa muda mfupi mno, jicho lisiweze kuyaona, na mauzo ya vinywaji na bisi yakapanda. Watu wakaingiwa na hofu. Miaka michache baadaye akakiri kwamba hakuwa na data za maana. Lakini wazo lake halijafa. Bado wapo wanaouza rekodi za kujifunza lugha ukiwa usingizini. Sisi hatutaahidi njia ya mkato ya aina hiyo hata kidogo.

La pili ni uhaba wa uongo. Robert Cialdini, katika kazi yake ya mwaka 1984 kuhusu ushawishi, aliutaja uhaba miongoni mwa mambo yanayomsukuma mtu kuamua haraka, na ni kweli unasukuma. Ila masomo yetu hayaishi. Kumwambia mtu "nafasi zinafungwa usiku huu" ni kumdanganya, na mwanafunzi aliyedanganywa mlangoni hatatuamini tutakapomwambia kwamba matamshi yake yameimarika.

Tumekubaliana kipimo kimoja. Mbinu yoyote tutakayoitumia, mwanafunzi akiuliza kwa nini tunafanya hivyo, tumjibu waziwazi, na mbinu iendelee kufanya kazi hata baada ya jibu. Isiyopita kipimo hicho inaachwa.

Aprili 22

Wiki nzima imekwenda kwenye ratiba ya marudio, nami naona hapa ndipo watu wa matangazo na watu wa lugha wanapokutana kwa karibu kuliko popote.

Kwa upande wa saikolojia tunaanza na Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema, ndani ya saa za mwanzo na siku ya kwanza, kisha kasi inapungua. Kinachobaki baada ya siku chache hakimomonyoki haraka tena.

Kwa upande wa matangazo yupo Hubert Zielske. Mwaka 1959 alichapisha jaribio ambalo kila mwalimu wa lugha angepaswa kulijua. Alichukua matangazo 13 na kuyatuma kwa posta kwa wanawake wa Chicago. Kundi moja lilipokea tangazo kila wiki, yote 13 yakaisha ndani ya miezi mitatu. Kundi jingine lilipokea tangazo kila baada ya wiki nne, yakaenea mwaka mzima. Waliopokea kila wiki walifika juu upesi: mwishoni mwa wiki zile 13, asilimia 63 walilikumbuka tangazo. Matangazo yalipokoma, kumbukumbu ikaporomoka ndani ya wiki chache. Waliopokea polepole walipanda taratibu, na mwaka ulipoisha asilimia 48 walikumbuka.

Nimeyasoma matokeo hayo nikiwa na mpango wetu wa zamani mkononi. Katika mpango huo salamu na utambulisho vilifundishwa kwa wiki mbili mfululizo, kila siku, kisha vikaachwa. Ni ratiba ya kundi la kwanza la Zielske, neno kwa neno. Mwanafunzi anajisikia mahiri mwisho wa wiki ya pili, na akikutana na msamiati ule mwezi wa tatu anakuta umeyeyuka. Hapo ndipo hujiambia kwamba kichwa chake hakifai kwa lugha. Na hiyo hisia, zaidi ya ugumu wa sarufi, ndiyo inayomwondoa.

Kwa hiyo tumevunja mpango. Paul Pimsleur alipendekeza mwaka 1967 vipindi vinavyopanuka: sekunde 5, sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa moja, saa 5, siku moja, siku 5, siku 25, miezi 4, miaka 2. Hatuwezi kumfuata mtu kwa sekunde nje ya somo, lakini ndani ya somo tunaweza, na nje ya somo tunaanzia siku moja. Fundi wetu ameiandika programu hivi: neno jipya linarudi mara kadhaa katika somo lilelile, kesho yake, baada ya siku 5, baada ya siku 25. Akilikosa, linashuka ngazi na kusogezwa karibu, kwa kanuni ya visanduku vya kadi aliyoieneza Sebastian Leitner mwaka 1972.

Jambo moja tumelikazania: neno lisirudi kwa sura ileile. Matangazo ya Zielske hayakuwa nakala ya tangazo moja. Yalikuwa 13 tofauti ya bidhaa moja. Kwa hiyo kitenzi "kusubiri" kinarudi kwanza kwenye sentensi ya kituo cha basi, kisha kwenye ujumbe wa rafiki aliyechelewa, kisha kwenye swali ambalo mwanafunzi lazima alijibu mwenyewe. Mchoraji analalamika kwamba kazi imekuwa mara tatu. Amelalamika akiwa anachora.

Mei 3

Somo la kwanza limebadilika sura. Zamani lilianza na alfabeti na irabu tano. Sasa linaanza na swali, kwa lugha ya mwanafunzi: unataka kuzungumza na nani kwa Kiswahili, na mazungumzo ya kwanza yatakuwa ya nini?

Msingi wake ni huu. Robert Gardner na Wallace Lambert walichunguza mwaka 1959 wanafunzi wa Montreal waliokuwa wakizungumza Kiingereza na kujifunza Kifaransa. Waligundua kwamba ari ni nguzo inayosimama kando ya kipaji, na kwamba waliotaka kuwa karibu na wazungumzaji wa lugha ile walifanya vizuri kuliko waliotafuta faida tu. Baadaye Zoltán Dörnyei, kuanzia mwaka 2005, akaliendeleza wazo hilo akitumia kazi ya Hazel Markus na Paula Nurius ya mwaka 1986 kuhusu nafsi ambazo mtu huona anaweza kuwa. Dörnyei alisema kinachomvuta mwanafunzi ni picha yake mwenyewe akiwa tayari mzungumzaji wa lugha hiyo. Picha ikiwa hai na inaaminika, anafanya kazi kuifikia. Ikiwa ya ukungu, haivuti.

Watangazaji wanalijua hili. Hawauzi kitu, wanamuuza mnunuzi jinsi atakavyokuwa baada ya kukipata. Tofauti ni kwamba wao humchorea mtu picha kutoka nje. Sisi tunamwomba aichore mwenyewe, kwa sababu picha aliyoichora mwenyewe haihitaji kushawishiwa aiamini.

Majibu yanayokuja ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Mmoja anataka kumwelewa mama mkwe wake anapotania mezani. Muuguzi mmoja anataka kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi bila kupitia kwa mkalimani. Mwingine ni mjukuu ambaye babu yake alikuwa akizungumza Kiswahili na watoto hawakurithi. Majibu yote yanahifadhiwa na kurudi katika masomo: muuguzi anapofika kwenye viungo vya mwili, mfano wa kwanza ni wake.

Baada ya swali tunaomba jambo dogo mno: atume sauti yake akisema "Habari za asubuhi", basi. Jonathan Freedman na Scott Fraser walionyesha mwaka 1966, kwa wakazi wa Palo Alto, kwamba waliokubali kwanza kuweka dirishani kibandiko kidogo cha usalama barabarani walikuwa tayari zaidi, wiki mbili baadaye, kuruhusu bango kubwa lisilopendeza kwenye uwanja wa nyumba zao: asilimia 76, dhidi ya asilimia 17 ya waliofikiwa na ombi kubwa moja kwa moja. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba tendo dogo hubadilisha jinsi mtu anavyojiona. Aliyetuma sauti yake siku ya kwanza ameshazungumza Kiswahili. Hajiandai kuwa mzungumzaji, ameshaanza kuwa.

Mei 10

Fupi. Tumeongeza sentensi moja ya kujaza mwishoni mwa somo la kwanza: "Nikishamaliza ______, nitafungua somo." Peter Gollwitzer alieleza kwa kina mwaka 1999 kwamba nia iliyofungwa kwenye wakati na mahali maalumu hutekelezwa kuliko nia ya jumla. Watu wanajaza "kupiga mswaki", "kumlaza mtoto", "kupanda treni". Ujumbe wa kukumbusha unafuata saa hiyo, siyo saa tunayoitaka sisi.

Mei 19

Jumbe. Hapa nitakaa kidogo.

Ujumbe wetu wa zamani ulisema: "Usisahau somo lako la leo. Endelea kujifunza ili ufikie malengo yako." Mwenzangu aliusoma kwa sauti, akauliza: "Mwalimu, hapa anaambiwa nini ambacho hakijui?" Hakuna. Unamkumbusha deni lake, basi.

Claude Hopkins, mmoja wa mabingwa wa matangazo wa Marekani, alipouza dawa ya meno ya Pepsodent hakusema meno meupe ni mazuri. Aliwaambia watu wapitishe ulimi juu ya meno yao wahisi utando uliopo. Msomaji alifanya kitendo hicho pale pale alipo, na tayari akawa ndani ya tangazo. Hopkins huyo alishikilia pia kwamba tangazo lipimwe: aliweka kuponi zenye alama tofauti ili kujua ni maneno gani yaliyoleta wateja, na mwaka 1923 alichapisha kitabu cha kuitetea njia hiyo.

Basi tumeandika upya kila ujumbe kwa masharti mawili: uwe na kitu cha kufanya papo hapo, na uache jambo moja linalotaka kujulikana. George Loewenstein alieleza mwaka 1994 kwamba udadisi huzaliwa pale mtu anapoliona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Pengo likiwa kubwa mno halimvuti, kwa kuwa halioni. Likiwa dogo, halimwachi atulie.

Mifano tuliyoituma (Bibi ni mhusika wa hadithi za masomo yetu):

"Jana ulijitambulisha kwa Bibi. Amekujibu kwa swali. Msikilize, kisha umjibu kwa neno moja tu."

"Sema kwa sauti, hapo ulipo: 'Nimechoka lakini nimefurahi.' Umesema sentensi yenye vitenzi viwili. Somo la leo linakuongezea cha tatu."

"Kuna sentensi moja katika mazungumzo haya ambayo wiki iliyopita usingeielewa. Itafute."

Huu wa tatu ndio ninaoupenda, kwa sababu unamwonyesha mtu maendeleo yake bila sisi kumsifu. Kila ujumbe una toleo mbili zinazokwenda kwa nusu mbili za kundi, tukiangalia ni lipi lililofuatwa na somo kumalizika, siyo kufunguliwa tu. Programu inaweza kufunguliwa na kufungwa bila neno moja kuingia kichwani.

Kuna ujumbe mmoja tuliokuwa tumeuandaa ambao tumeutupa: "Wanafunzi wengi huacha wakifika hapa. Usiwe mmoja wao." Unasikika kama unatia shime. Lakini Cialdini na wenzake walifanya jaribio katika hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona, ambako wageni walikuwa wakiiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Bango lililoeleza kwamba wageni wengi wameshaiba liliongeza wizi, kwa sababu lilichobeba chini yake ni kwamba hivi ndivyo watu wanavyofanya. Tukimwambia mwanafunzi kwamba wengi huacha hapa, tumempa ruhusa. Tunachomwambia sasa ni cha kweli vilevile: waliovuka hapa walifanya nini. Wanafunzi wa zamani wametupa sauti zao wakieleza, kwa Kiswahili chao kisicho kamili, na hizo sauti zisizo kamili ndizo zinazosikilizwa hadi mwisho.

Juni 2

Leo kadi ya maendeleo. Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha mwaka 2006 jaribio la kituo cha kuoshea magari. Wateja 300 walipewa kadi za mihuri: muhuri mmoja kwa kila kuosha, na kadi ikijaa unaoshewa mara moja bure. Nusu yao walipata kadi ya mihuri 8, tupu. Nusu nyingine walipata kadi ya mihuri 10, miwili ikiwa imeshagongwa. Safari iliyobaki ni ileile, mara 8. Waliokamilisha kadi tupu walikuwa asilimia 19. Wa kadi iliyoanzishwa, asilimia 34.

Fundi alitaka tumpe kila mwanafunzi hatua mbili za bure. Nikamwambia hazitapita kipimo chetu: mtu akiuliza amezipataje, hatuna jibu. Ila tukagundua kwamba hatuhitaji kubuni. Hakuna anayeanza Kiswahili akiwa mtupu. Anayetoka kwenye Kiingereza anazijua tayari "safari", "daktari", "benki", "polisi", "basi". Anayetoka kwenye Kiarabu anazijua "kitabu", "habari", "rafiki", "saa", na mamia mengine. Anayetoka kwenye lugha nyingine ya Kibantu anao mzizi "-tu" na kiambishi "mu-" cha ngeli ya kwanza, kama katika "mtu", mdomoni tangu utotoni. Kwa hiyo somo la pili sasa ni kusikiliza orodha na kubonyeza yale unayoyajua. Kadi inaanza kujaa kwa mali yake mwenyewe. Tumefurahi sana leo, sote wanne.

Juni 15

Mjadala mrefu kuhusu medali na mfululizo wa siku.

Programu nyingi za lugha zinahesabu siku ulizosoma bila kukatiza, na ukikosa siku moja hesabu inarudi sifuri. Nguvu yake iko kwenye jambo ambalo Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979: kupoteza kunauma zaidi kuliko kupata kiasi kilekile kunavyofurahisha.

"Mwalimu, kitu hiki kinawarudisha watu kila siku," fundi alisema. "Hatuwezi kukiacha."

"Kinawarudisha kwenye namba, kijana wangu," mwenzangu akamjibu. "Mimi nimeona mtu akisoma saa sita kasorobo usiku, dakika moja, akibonyeza rahisi kuliko yote ili namba isife. Hapo amejifunza nini?"

Nami niko upande wa mwenzangu, lakini hoja ya fundi si ya kupuuzwa: marudio ya kila siku ni ya thamani. Tukarudi kwenye utafiti. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12 wakijenga mazoea mapya. Muda wa kati wa zoea kukolea ulikuwa siku 66, lakini ulitofautiana kutoka siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Na kuikosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa zoea kwa kiasi cha maana. Yaani adhabu ya sifuri inamwambia mwanafunzi jambo lisilo kweli kuhusu kujifunza kwake. Aliyesoma siku 40 na kukosa moja hajarudi mwanzo. Kichwa chake kina siku 40.

Kwa hiyo tunahesabu siku zilizosomwa ndani ya mwezi, na hesabu haishuki kamwe. Ukikosa, inasubiri.

Medali nazo tumeziondoa kwenye mazoezi ya kila siku. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walionyesha mwaka 1973 kwamba watoto wa chekechea waliopenda kuchora, walipoahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walichora kwa hiari yao muda mfupi kuliko wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungukiwa na hamu. Edward Deci na Richard Ryan wameijenga nadharia yao juu ya mambo kama haya: mtu hudumu katika jambo akihisi ameliamua mwenyewe, analiweza, na ana watu nalo. Medali ya ahadi inahamisha sababu. Jana alikuwa anasoma ili amwelewe mama mkwe, leo anasoma ili apate nyota, na nyota huchosha mapema.

Tulichobakiza ni zawadi isiyoahidiwa. Mara moja moja, mtu aliyefanya jambo gumu anapokea sauti ya mmoja wetu, kwa jina lake, ikitaja alichokifanya: "Umetumia 'ningekuwa' sawasawa, na hatukuwa tumeifundisha bado." Inachukua muda. Haiwezi kufanywa na mashine kwa namna ninayoitaka. Tutaendelea nayo.

Juni 24

Ngeli. Tumefika kilimani.

Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope walitunga mwaka 1986 kipimo cha wasiwasi wa darasa la lugha, chenye kauli 33, na tangu hapo imekuwa vigumu kudai kwamba woga wa kuzungumza ni ulegevu. Katika kundi letu woga huo una sura moja: mtu anajua neno, lakini anajua pia kwamba kila neno linalolifuata lazima lipatane nalo, kwa hiyo anakaa kimya hadi apige hesabu yote. Mazungumzo yanampita.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuanza mapema, bila kutaja kanuni. Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968, kwa maneno ya kubuni yaliyofanana na Kituruki na kwa alama zilizofanana na herufi za Kichina, kwamba kitu kilichoonekana mara nyingi hupendwa zaidi, hata kama mtu hajui maana yake. Watangazaji wanaishi kwa hilo. Sisi tumelitumia hivi: tangu wiki ya pili hadithi za Bibi zimejaa "kitabu changu kiko wapi", "viti vyetu vimevunjika", "mti ule umeanguka", "miti ile imeanguka". Hakuna jedwali wala maelezo. Kanuni inapokuja, inalipa jina jambo ambalo sikio limeshalizoea. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba alipoliona jedwali alijihisi anasahihisha orodha, siyo anaanza orodha mpya.

Hatua ya pili ni jinsi ya kusahihisha. Mtu anayesema "kitabu yangu" ameeleweka, nasi tunamjibu kwanza alichokisema. Lakini Roy Lyster na Leila Ranta, walipochunguza mwaka 1997 madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, waliona kwamba kumrudishia mwanafunzi sentensi yake ikiwa imenyooshwa, njia inayotumiwa na walimu kuliko zote, ndiyo iliyomfanya ajirekebishe kwa nadra kuliko zote. Analisikia jibu, halisikii sahihisho. Kwa hiyo kwa wageni kabisa tunanyoosha tu na kuendelea, maana tunachotaka kwao ni waseme. Kwa waliozoea tunamwachia nafasi: "Kitabu...?" Na yeye anamalizia "changu". Neno alilolitoa mwenyewe linakaa.

Ndiyo maana pia tumepunguza kusoma tena na tena na kuongeza kujiuliza. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walipima mwaka 2006: wanafunzi waliosoma kifungu mara nne walikumbuka asilimia 40 baada ya wiki, na waliokisoma mara moja kisha wakajipima mara tatu walikumbuka asilimia 61. Linaloumiza ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Tumewaeleza wanafunzi wetu jambo hilo wazi, ili zoezi likiwa gumu wasidhani wanarudi nyuma.

Julai 8

Jana ilikuwa Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa siku hiyo mwaka 2021, nasi tulikuwa tumeisubiri kwa sababu nyingine pia. Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha mwaka 2014 kwamba watu huelekea kuanza upya kwenye tarehe zenye alama: mwanzo wa wiki, wa mwezi, wa mwaka, wa muhula. Tarehe kama hiyo humtenga mtu na kushindwa kwake kwa zamani.

Tuliwaandikia wote waliotoweka: "Leo ni Siku ya Kiswahili. Somo lako liko pale ulipoliacha, na tumekuwekea marudio mafupi ya salamu kwanza. Ukitaka kuendelea, andika: NAENDELEA." Hatukuuliza walikuwa wapi.

Wamerudi wengi kuliko mwaliko wowote tuliowahi kutuma. Yule mjukuu alikuwa mmojawapo. Alituma sauti akisema, polepole, ngeli zote zikiwa mahali pake isipokuwa moja, kwamba amempigia shangazi yake simu na wameongea dakika kadhaa kabla ya kurudi kwenye Kiingereza. Mwenzangu ameisikiliza mara nyingi. Kundi letu ni dogo, siligeuzi kuwa utafiti, ila najua somo lililompa mtu huyo sentensi zake, na najua lilivyokuwa kabla hatujaligusa.

Agosti 2

Kazi iliyobaki ndiyo inayotutenga kabisa na watu wa matangazo. Wao wanataka mteja arudi kwao daima. Sisi tunataka siku ifike ambapo hatuhitaji kumkumbusha, kwa sababu kuna mtu wa kweli anayesubiri wazungumze. Kwa hiyo ngazi ya tatu inapangwa kwa kupungua: jumbe za kila siku zinakuwa za kila wiki, kisha mwanafunzi mwenyewe anaamua kama anazitaka. Nafasi yake inachukuliwa na mazungumzo ya wawili wawili, yakipangwa kwa majibu ya lile swali la siku ya kwanza; muuguzi tumempatia muuguzi mwenzake anayezungumza Kiswahili tangu kuzaliwa, na wameshakubaliana saa.

Fundi aliuliza kama kweli tunataka kitufe cha kusitisha jumbe kionekane kirahisi hivyo. Tunataka. Ameshakiweka juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa, na mchoraji anamalizia picha za ngazi mpya wiki hii.